Jino la Paka wa Baba

Paka yule aliingia mwenyewe kwetu Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, mvua ikinyesha, akaketi kando ya jiko. Jino lake moja la kushoto lilikuwa limepinda na kutokeza nje ya mdomo. Mama alipoliona, mwiko ulimponyoka. Paka wa baba huko Uvira alikuwa na jino kama lile, upande uleule.

Baba alibaki nyuma siku tuliyokimbia vita, eti afunge nyumba kwanza, na hatukusikia habari zake tena. Watu wa kanisa walitaka kuja kukaa kilio nasi, mama akawarudisha mlangoni. Kila jioni alipakua sahani ya baba, akaifunika. Sasa alisema, "Paka hawezi acha mutu yake. Kama amefika, papa yako naye iko mu njia."

Upuuzi mtupu! Ziwa lote lile, Tanzania yote ile, paka apite wapi? Hata hivyo, kila lori la wageni lilipoingia kambini, nami nilikwenda kuchungulia nyuso.

Kisha jino likaanza kumtoboa paka mdomo wa chini. Ukavimba, ukatoa usaha, akaacha kula. Mama akamtia kwenye kikapu, akakifunga kwa chitenje, kitenge chake cha kiunoni, tukaenda Lilongwe kwa daktari wa mifugo. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu: watu tunapanga foleni ya vidonge vya kichwa, paka anapelekwa kwa daktari mjini!

Daktari alikuwa na chumba chake karibu na mtaa wa Mchesi. Alimpanua paka mdomo, akanieleza kwa Chichewa, nami nikamtafsiria mama: jino ling'olewe, la sivyo mnyama atakufa kwa njaa.

"Hapana," mama alisema. "Bakilitoa, papa yako atamutambua na nini?"

Daktari akauliza tumemfuga tangu lini. Nikajibu kwa niaba ya mama: tangu Uvira, kabla ya vita. Akacheka, si kwa ubaya, akayatazama meno tena.

"Haiwezekani," alisema. "Huyu hajafikisha miaka miwili."

Sisi tulikuwa na miaka mitano Malawi. Nilimchukia daktari yule kwa utulivu wake na mikono yake misafi.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

Nikamwambia yote. Aliweka mkono juu ya mgongo wa paka.

"Basi alitoe," alisema.

Jioni hiyo alipika nsima, ugali wa huku, na usipa, visamaki ambavyo mama hakuacha kuviita ndagala. Alipakua sahani ya baba kama kawaida. Hakuifunika. Aliinama, akaiweka chini mbele ya paka, akamtazama akilamba mchuzi polepole kwa upande usiouma.

"Kesho uambie bantu ba kanisa bakuje," alisema. "Tukae kilio."

Na mimi, niliyeita mambo yale upuuzi, ndiye niliyepiga yowe la kwanza.