Filister na Bloku za Chupa

Kwa miaka kumi na moja Filister Okeyo alibebea mafundi simiti kwenye mijengo ya wenye pesa, jioni akarudi Soweto West, Kibera, kulala kwenye nyumba ya mabati. Mwaka huu akasema imetosha. Akaanza kutengeneza bloku zake mwenyewe: chupa zilizovunjika anazitwanga kwenye drum mpaka zinakuwa kama mchanga, anachanganya na simiti, anashindilia kwenye fremu ya mbao. Kibera haina dhahabu, lakini chupa? Tumezinywa kwa bidii, kizazi baada ya kizazi.

Kisha kanisa la Kawangware, analoimbia kwaya, likataka ukuta wa darasa la Sunday school. Pastor Wanzala akatoa masharti. Jumamosi bloku idondoshwe kutoka begani mbele ya kamati, ikivunjika, kwaheri. Na jingine, akimwita Filister kwa jina la bintiye: "Mama Celine, chupa ya pombe isiingie nyumba ya Mungu."

Oda hiyo ndiyo ingemtoa kwa karai la simiti. Akiikosa, Jumatatu anarudi kubebea watu.

Akachapa mafungu mawili. La majaribio lilikuwa la chupa za bia, na hizo alizisugua kwa sabuni mara tatu, maana mwimbaji wa kwaya hawezi kunuka baa. La kanisa lilikuwa la chupa za soda za harusini. Hizo alizitwanga hivyo hivyo bila kuziosha, soda ikinata ndani, nzi wakishangilia. Kitu kilichonywewa na waliookoka unakioshea nini?

Ijumaa asubuhi bloku za bia zikigongwa zinalia kama kengele. Za soda, kidole kinazama kama kwa ugali wa moto.

Jirani yake, fundi Maurice, akachungulia drum, akawaona nzi, akacheka mpaka akashika mlango.

"Mama Celine, umepikia simiti chai? Sukari haiachi simiti ishike. Uliza fundi yeyote aliyewahi kukosana na mwenye mjengo."

"Na ni kesho, Maurice. Nifanyeje?"

"Peleka za bia, nyamaza. Bloku haina mdomo."

Kumdanganya pastor hakukumsumbua sana. Pastor mwenyewe aliahidi choo kipya Pasaka tatu zilizopita. Kilichomuuma ni kwamba ukuta ungesimama miaka hamsini na soda ndiyo ingekula sifa.

Kwa hiyo Jumamosi akaweka bloku mbele ya kamati na kumwaga yote kabla woga haujamshika: za soda zimekataa, hii ni ya bia.

Pastor akaiinua hadi begani, uso umekunjamana, akaiachilia. Sakafu ikapata kidonda. Bloku ikabaki nzima. Akaiokota, akaiachilia kutoka juu ya kichwa, kitu ambacho hakikuwa kwa masharti. Bado nzima.

"Pastor," akasema Magdaline, mwenyekiti wa kamati, "kwani Paulo kabla aokoke alikuwa nani?"

Pastor akapangusa jasho. "Ukuta mzima unataka chupa ngapi?"

"Zote za Kawangware," Filister akajibu, miguu ikianza kucheza bila ruhusa.

Jumatatu akina mama wa kanisa kumi na wawili, vitambaa vyeupe kichwani, magunia mkononi, wakajipanga nje ya baa. Mwenye baa akawaona kwa dirisha, akapiga mlango makomeo mawili.

Filister akabisha.

"Fungua, boss. Hatujakuja kukuokoa. Tunataka chupa."