Taa Mpya za Korola Yangu

Ndugu zangu, sijui kama bado nina mchumba. Nilifunga balbu nyeupe, kali, kwenye Korola yangu ya zamani, nikatoka Tabora jioni kwenda Sikonge kujitambulisha ukweni. Kila gari nililopishana nalo lilinipigia taa. Mjinga mimi, nikadhani wananisifu, nikawajibu kwa kuwasha taa kubwa. Karibu na kijiji, mzee mwenye baiskeli iliyopakia ndoo ya asali akainua mkono usoni. Nikajua ananisalimu, nikamwashia naye.

Nilikuwa nimeketi na mchumba wangu sebuleni baba yake alipoingia akichechemea, shati limelowa asali.

"Shikamoo, baba."

Alimgeukia binti yake.

"Gari lililonipofusha nikaangukia mtaroni, mbona liko uani kwetu?"