Mrisho na Jino Lililomshinda

Mjini Rujewa, Mrisho Kitwana alisifika kwa jambo moja: hakuna fahali aliyewahi kumtisha. Mnadani, alikouza ng'ombe, aliingia katikati ya mafahali wanaopigana, akawashika pembe na kuwatenganisha kama mtu anayeamua ugomvi wa watoto. Kwa hiyo jino lake la nyuma lilipoanza kuuma, watu walidhani jino ndilo litakaloomba radhi.

Haikuwa hivyo. Mrisho alitafuna karafuu mpaka akanukia pilau. Akasukutua kwa maji ya chumvi. Jirani akamshauri apachike kidonge cha maumivu kwenye fizi. Kidonge kikaichoma fizi, akawa na maumivu mawili yanayoshindana. Shavu likavimba, mteja mmoja akamuuliza anatafuna nini kitamu hivyo asiwagawie wenzake.

"Twende Mbeya kwa daktari wa meno," mkewe Zuena akamwambia.

"Limepoa, Mama Naima," Mrisho akajibu, huku machozi yanamtoka.

Zuena hakubishana. Akaenda jikoni, akarudi na sahani ya nyama ya kuchoma, ile ya ubavuni yenye mifupa, akaiweka mbele yake. "Kama limepoa, karibu."

Mrisho aliitazama ile nyama kwa huzuni ya mtu anayeaga ndugu. "Basi twende," akasema.

Huko kliniki walikaa kwenye benchi. Nesi akafungua mlango na kuita, "Mrisho Kitwana."

Mrisho akamnyooshea kidole mkewe. "Ndiye huyu."

Nesi akamtazama Zuena, gauni na mtandio. "Mama, wewe ndiye Mrisho?"

"Kwao majina wanayatoa ovyo," Mrisho akadakia.

Zuena alimkazia macho mumewe, kisha akainuka akaingia. Ndani alimweleza Daktari Sabina ukweli wote, akaomba akaguliwe yeye kwanza. Daktari akakuta gego moja limeanza kutoboka, wala Zuena hakuwa na habari. Akalisafisha akaliziba.

Nje, Mrisho alisikia mashine ikilia kama ya kukoboa mpunga. Akasogeza sikio mlangoni, akasubiri yowe. Akasikia kicheko. Wanawake wawili wanacheka, wanatulia, wanaanza tena.

Zuena alipotoka, Mrisho alimdaka. "Mlikuwa mnacheka nini?"

"Kamuulize daktari."

Hapo hofu ilishindwa na umbea. Mrisho aliingia, akapanda kitini mwenyewe. "Daktari, mlikuwa mnacheka nini?"

"Fungua mdomo kwanza," akasema Daktari Sabina.

Alipolikagua akamwambia jino limeoza mpaka kwenye mzizi. Angeweza kuling'oa, na baadaye kumwekea la bandia akitaka. Au angeweza kuliokoa: kutoa uozo wa ndani, kuusafisha mzizi na kuuziba.

"Liokoe," Mrisho akasema. "Nimezaliwa nalo."

"Hakuna anayezaliwa na gego, Baba Naima," Zuena akasema kutoka mlangoni. "Mama yako asingekunyonyesha."

Alichomwa sindano ya ganzi. Nusu ya uso ikapotea. Akajaribu kuuliza tena habari ya kicheko, lakini mdomo ulikuwa umejaa pamba, ikatoka sauti kama ya ndama. Mara akatulia kabisa. Daktari akainama kumtazama kwa wasiwasi: alikuwa amelala, anakoroma. Kwa maumivu yale hakuwa amepata usingizi wa maana siku nyingi.

Walipotoka, Zuena alimhurumia akamwambia walichokuwa wanacheka. Mlango wa chumba kile una kioo cha ukungu, na muda wote kofia ya Mrisho ilionekana kwa ndani ikipanda na kushuka, maana aliruka kwa hofu kila mashine ilipolia.

Mrisho alitaka kununa, lakini kwa mdomo ulioganda hata kununa hakukuwezekana.

Alirudi tena kumalizia matibabu, safari hii bila sahani ya nyama. Daktari alimwambia wazi kwamba kupiga mswaki asubuhi tu ni sawa na kufunga zizi wakati simba ameshashiba. Usiku ndio muhimu. Mfano ule ulimwingia. Siku hizi, baada ya chakula cha usiku, husimama uani na mswaki wake na dawa ya meno, anasugua polepole, nyuma na mbele. Mnadani nako amekuwa kero. Ukimwuliza bei ya dume, anakuomba kwanza ufungue mdomo.