Mzee Aliyeniuliza Rangi ya Oili

Usiponiamini sitakulaumu. Mimi mwenyewe ningesimuliwa ningecheka. Lakini lililonipata nyuma ya nyumba yetu, huku Lufingo, nalieleza kama lilivyokuwa, na ubaya wangu siufichi.

Ilikuwa miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria, magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kupanda mpaka Tukuyu. Nilikuwa dereva wa malori ya chai. Nikanunua gari dogo la otomatiki, la kwanza kijijini kwetu. Kiburi nilichokuwa nacho, we acha tu.

Mama alikuwa amevimba miguu, anakohoa, pumzi zinamkatika, na kesho yake nilipaswa kumpeleka hospitali. Gia za gari zilikuwa zinachelewa kushika. Nikasema nitamwaga oili ya giaboksi mwenyewe, niweke mpya. Malori mangapi nimeyabadilishia oili? Nani wa kunifundisha?

Nikachimba shimo pembeni ya migomba. Mama alikuwa amenikataza siku nyingi kuchimba upande ule, kwa kuwa ndiko alikolazwa baba, aliyefariki mimi sijaanza kutembea. Lakini mawe ya kaburi yalishazama, nami nilitaka mahali pa karibu. Nikalala chini ya gari, nikafungua nati, oili ikateremka shimoni, nyekundu, nyepesi.

Saa kumi jioni hivi, ukungu umeshuka mpaka mgomba wa pili huuoni, nikasikia hatua kwenye majani makavu. Kutoka pale chini niliona miguu mitupu na pindo za suruali ya kazi.

"Ndaga, mwanangu," sauti ya mzee ikanisalimu kwa kilugha chetu.

"Shikamoo," nikaitikia bila kutoka.

Akachovya kidole shimoni, akasugua oili polepole. Mkono ule wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

"Uliyotoa ni nyekundu. Hiyo ya kwenye kopo ina rangi gani?"

"Ya njano. Oili nzito ya gia, mzee. Gia ni gia."

"Gwe! Wewe! Na umetoa kiasi gani?"

"Sijapima."

"Sasa utarudisha kiasi gani?"

Nikacheka. "Mzee, hili ni gari la Japani. Ninyi mliishia kwenye malori ya kupiga hendeli."

Naye akacheka, hata hakukasirika. "Kweli, hili silijui. Ndiyo maana nauliza." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama yako bado anakohoa?"

"Mzee, unanichelewesha."

Miguu ilisimama kidogo, kama ya mtu anayengoja kuambiwa neno. Halafu ikaondoka. Nilipotoka chini ya gari nilikuta tope tupu, lina alama za viatu vyangu peke yake. Unajua nilifanya nini? Nilimimina ile oili nzito mpaka kopo likaisha.

Asubuhi tuliishia kwenye mlima wa kutokea barabarani. Injini inanguruma, gari haliendi, harufu ya kuungua imejaa ndani. Mama kiti cha nyuma, kajifunika blanketi, anahema. Hapo ndipo nilipokiri.

"Mama, jana kuna mzee alinionya. Nikamdharau."

"Mzee gani?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kile kidole, akanishika bega.

"Kilikatwa na feni ya lori," akasema. "Wewe hujazaliwa."

Akaanza kulia. Nilidhani analilia safari.

"Amekuja mpaka uani, ameniulizia, na wewe hukumpa hata kigoda?"

Nikashuka, nikakimbia kuita majirani.

Majirani walimbeba kwa machela ya mianzi mpaka lami, lori la chai likamfikisha hospitali. Alipona, Mungu ni mwema, ila nguvu za kupanda milima hazikumrudia tena. Kuhusu giaboksi hakunilaumu hata siku moja. Lakini kila ukungu uliposhuka alitoa kigoda, akakielekeza kwenye migomba, akakaa kando yake na chai ya watu wawili, mpaka chai ikapoa. Alifanya hivyo miaka minne, mpaka naye tukamlaza kulekule. Mgeni wake hakurudi.

Gari lilikokotwa mpaka nyumbani, likaozea uani. Penye lile shimo hata mgomba hauchipui. Siku hizi kigoda nakitoa mimi.

Basi wewe unayebadilisha oili ya giaboksi nyumbani, pima ulichotoa, linganisha rangi, soma kitabu cha gari. Na mtu akitokea kwenye ukungu akakuuliza swali unaloliona la kijinga, toka kwanza chini ya gari, umpe mkono, umtazame usoni. Picha yake nyumbani hatukuwa nayo. Mpaka leo, baba yangu namjua miguu na mkono mmoja tu.