Kifuniko cha Kopo na Farasi wa Memsahibu

Enzi za Mwingereza nilikuwa yaya kwenye shamba la kahawa, chini ya Mlima Meru. Baba alikuwa kibarua hapohapo, na kibanda tulicholala kilikuwa cha memsahibu. Ningetoroka, baba na mama wangelala nje. Mchumba wangu alikuwa akiishi kijijini Akheri. Nilitaka kuolewa, basi.

Kilichoniponza ni ulimi wangu. Memsahibu alikuwa na farasi jike mwoga, asiyevuka mfereji hata kwa kiboko. Siku moja, nikiwa na mtoto mgongoni, nilimwona farasi huyo anautazama ule mfereji. Nikagonga ulimi, tak, kama bibi yangu alivyowaita ndama, nikampa kipande cha ndizi mbivu. Akatazama tena, tak, ndizi. Kesho yake akasogeza kwato, tak, ndizi. Sikumvuta wala kumpiga. Mwishowe akavuka mwenyewe, na memsahibu akapiga makofi.

Furaha yake ikawa kifungo changu, maana farasi hakumsikiliza mtu mwingine. Kila nilipoomba kwenda kuolewa aliniambia, "Wewe ngoja kidogo, yaya. Mwezi kesho kwenda." Mwezi ukifika, neno lilelile na tabasamu lilelile. Jamani, nililichukia lile tabasamu!

Nikatafuta njia. Nikachukua kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, kile ambacho ukikibonyeza katikati kinalia tak, nikamzoeza farasi mlio huo badala ya ulimi. Nikamkabidhi memsahibu pamoja na kikapu cha ndizi. "Kila kikilia, mpe ndizi. Usimdanganye." Akakubali niende. Wiki ile nilishinda ndani nikimwelekeza yaya mpya, na kanisani ndoa yangu na mchumba wangu ikatangazwa.

Asubuhi ya kuondoka, mchumba wangu na dada yake walikuja kunichukua, wakasimama getini. Nilikuwa nafunga khanga zangu niliposikia huko mferejini: tak, tak, tak, tak. Nikatoka mbio, furushi mkononi. Memsahibu alikuwa juu ya farasi, anabonyeza kifuniko kwa hasira, na mkononi hana hata ganda. Kikapu kilikuwa barazani, ndizi zimeiva hadi kuwa nyeusi. Kumbe aliona mlio unatosha. Farasi alilaza masikio nyuma. Akapigwa kiboko, wapi! Hakutikisika. Alikuwa amechoka kudanganywa.

"Yaya!" memsahibu akaita. "Wewe rudi fundisha yeye. Mwezi kesho kwenda."

Wifi yangu akasonya. Baba alikuwa mlangoni mwa kibanda, kofia mkononi, macho chini. Nilimwonea wivu yule farasi, nasema kweli, hadi machozi yakanitoka.

"Abee, memsahibu," nikaitika. Nikaweka furushi langu barazani, nikaanza kuchambua ndizi ambazo bado zilifaa.