Wiki ya Dada Ndeshi Chini ya Mlima

Keti vizuri, msikilizaji wangu. Safari hii ilikuwa ya siku tano tu, lakini nitaisimulia polepole, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo huenda nawe ukaitiwa siku moja, na ningependa likukute ukiwa umeshalielewa.

Chanzo ni dada yangu Ndeshi. Alikuwa muuguzi hapa Dodoma na sasa amestaafu. Watoto wake watatu wanaishi mbalimbali: Mtwara, Bukoba na Mbeya. Kila Desemba sisi watu wa Kilimanjaro hurudi nyumbani, hilo halihitaji maelezo. Lakini tangu mama yetu afariki, nyumba ya kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, iko mikononi mwa mdogo wetu Elifuraha, maana kwa desturi yetu kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Hakuna aliyetukataza kulala pale. Hakuna aliyetuambia tulale, pia. Kwa hiyo Krismasi nne mfululizo tumepanda na kreti za soda, tumesali, tumekula, na kabla giza halijaingia tumeshuka mjini Moshi, kila familia nyumba yake ya wageni. Dada alichoka. Alitaka wanawe walale chini ya paa moja na kuamka wakiutazama mlima, hata kama ni kwa wiki moja tu.

Ndipo ilipokuja simu. Hoteli moja ya mapumziko, juu ya Marangu, ilimwalika kulala usiku mbili bure, kwa sharti la kusikiliza maelezo kuhusu kununua wiki, yaani haki ya kukaa pale wiki moja kila mwaka. Akipenda, atie saini kabla ya kuondoka Jumapili. Bei ile haingerudi tena.

"Itakuwa nyumba yangu, Aneth," aliniambia. "Wiki yangu. Hakuna wa kunitazama nikifungua friji."

Nilimwomba kitu kimoja, kwamba usiku wa kwanza tulale mjini, kwenye hoteli kubwa ambayo mimi nina kadi yake. Kazi yangu ni kufundisha watu wa maabara kutumia mashine mpya, nalala mahotelini mara nyingi kuliko ninavyolala kwangu, na kila usiku huniongezea pointi. Nilitaka alinganishe kabla hajashika kalamu.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, tuliondoka kwa gari lake dogo, ambalo yeye huliendesha kana kwamba limebeba mgonjwa. Kondoa tulikunywa chai. Babati tukanunua ndizi, naye akazionja na kusema hizi si ndizi. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kopo la rangi lililojaa udongo, na ndani yake mche wa isale, yale majani marefu ambayo kwetu hupandwa mpakani na makaburini, na ambayo mtu humpelekea mwenzake anapotafuta suluhu. Mche ule ulitokana na isale za mama.

"Wa nini huo?" nikamuuliza.

"Wa mlangoni kwangu."

Baada ya Arusha nilisinzia, na nilipofumbua macho mashamba ya mahindi yalikuwa yamegeuka bluu kwa mbali, na mlima haukuwepo. Palikuwa na wingu tu, kubwa na tulivu, limekaa mahali pake.

Saa kumi na moja jioni tulifika Moshi. Mapokezi binti mmoja alisoma jina langu kwenye kompyuta na uso wake ukabadilika. "Shikamoo mama. Karibu tena nyumbani," akasema, ingawa sikuwahi kukanyaga pale. Akatupa chumba cha juu kuliko tulicholipia, chenye baraza linalotazama kaskazini. Tulikuta sahani ya matunda na barua yenye jina langu. Kitanda kilikuwa laini kiasi kwamba Dada alikaa ukingoni kwa muda, akiogopa kulala.

"Kwa hiyo wanakupenda," alisema.

"Wanapenda safari zangu."

Nikamweleza, na wewe nakueleza. Kadi ya namna hii haikufungi. Unalala ukitaka, wanakuongezea pointi, ukifika idadi fulani unapanda daraja, na daraja likipanda unapewa chumba kizuri zaidi, kifungua kinywa, na ruhusa ya kutoka kwa kuchelewa. Usiposafiri mwaka mmoja, daraja linashuka, na salamu inashuka nalo. Ni nzuri kwa mtu kama mimi, ambaye kazi inamlipia vyumba. Mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka hataufikia mlango wa hayo yote.

Ijumaa, kabla jua halijatoka, aliniamsha kwa kunigusa mguu. Wingu lilikuwa limeondoka. Mlima ulisimama pale juu ya mabati ya mji, mweupe kileleni, karibu kuliko unavyostahili kuwa, na hakuna chochote mjini kilichotoa sauti isipokuwa fagio la mtu barabarani. Tulisimama na mashuka mabegani kama watoto waliotoroka kitandani. Kisha wingu likarudi, taratibu, kama mtu anayejifunika tena.

"Hiki chumba," akasema, "hakitanikumbuka."

Saa nne tulipanda kuelekea Marangu. Barabara inajikunja ndani ya migomba, hewa inapoa kila kona, na maji ya mfongo, mfereji wa wazee, yanakimbia kando yako yakielekea ulikotoka. Hoteli ilikuwa ya nyumba ndogo za mawe zilizotawanyika kwenye majani, kila moja na jiko lake, vyumba viwili na kibaraza. Ukungu ulipita katikati ya nyumba hizo kama ng'ombe wanaorudi zizini. Nakiri kwamba nilipoketi pale, na kikombe cha kahawa mkononi, nilisahau nilikuja kumwonya.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Bwana Novati alitukaribisha ofisini. Ndiye aliyekuwa anauza wiki, mtu wa makamo, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alieleza bila kutufokea. Nyumba moja inagawiwa familia nyingi, kila familia wiki yake kwa mwaka. Unalipa mara moja kuinunua, halafu kila mwaka unalipa ada ya matunzo, uje usije. Ukifa, watoto wanairithi.

"Kama kihamba," Dada alisema.

"Kabisa, mama. Kama kihamba."

"Basi isale nitaipanda upande gani wa mlango?"

Bwana Novati alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye. Alifunga kalamu yake. "Mama, wiki inayofuata yako kuna mwenyewe mwingine. Na baada yake mwingine. Kila mmoja akipanda chake, mlango hautafunguka."

Hapo ndipo nilipouliza. "Wiki yake ni tarehe ngapi?"

Alipekua karatasi. Wiki za Desemba, alisema, zilichukuliwa na walionunua mwanzo. Anayeingia sasa huomba kila mwaka na kupangiwa penye nafasi. Mara nyingi ni Aprili au Mei.

"Masika," nikasema.

"Masika pana utulivu sana, mama mdogo."

"Utulivu wa nani? Huko hata mbuzi hatoki nje."

Dada alinikanyaga mguu chini ya meza. Akaomba karatasi aende nazo.

Jioni ile alikaa kibarazani na karatasi mapajani. Nilidhani jambo limekwisha, lakini halikuwa limekwisha. Ukungu ulipanda hadi kwenye ngazi, taa za nyumba nyingine zikawaka moja moja, na mahali fulani bondeni watu walikuwa wakifanya mazoezi ya kwaya. Sauti zilikuja na kupotea na upepo.

"Mei pia ni mwezi," alisema.

"Watoto hawana likizo Mei."

"Watazoea." Akazikunja zile karatasi. "Wewe una kadi ya kuitwa mama mahali popote. Mimi nina nini?"

Niliinuka nikaingia ndani. Usiku mwingine jibu sahihi ni kumletea mtu blanketi.

Jumapili, saa nne kasoro, mama wa usafi alibisha. Wenye wiki yao walikuwa getini. Tulibeba vitu hadi mapokezi, Dada na mkoba na karatasi, mimi na lile kopo la rangi. Bwana Novati alikuwa amekwisha kuweka fomu mezani na kalamu juu yake. Dada alivaa miwani na kukaa. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole, kwenye mstari wa kwanza. Ilibaki saini.

"Na huu mche?" binti wa mapokezi akauliza, kwa nia njema kabisa. "Tukuwekee stoo, mama, mpaka utakapokuja mwakani?"

Dada aliinua kichwa. Aliutazama mche, akamtazama binti, akatazama nje ambako familia nyingine ilikuwa ikishusha mabegi mbele ya mlango aliouita wake tangu Ijumaa. Akavua miwani.

"Isale haiwekwi stoo, mwanangu," alisema. Akarudisha kalamu juu ya fomu, akiilaza sawasawa kama alivyoikuta. "Bwana Novati, aika, asante. Umenieleza vizuri. Ndiyo maana naondoka."

Naye, kwa heshima yake, alitusindikiza hadi kwenye gari.

Saa saba mchana tulikuwa nyumbani kwa Elifuraha. Walikuwa wametoka kanisani, na mke wake, Mama Baraka, alikuwa anapakua kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja. Elifuraha aliliona kopo kabla hajatuona sisi. Aliweka sahani chini. Kwetu isale ikiletwa kwa mikono miwili haikataliwi, hata uwe na hasira ya miaka.

"Shikamoo dada. Kuna nini?"

"Nimekuja kuomba."

"Unaomba nini?"

"Wiki moja. Ya Desemba. Na watoto wangu."

Elifuraha alilipokea kopo kwa mikono miwili. "Miaka mitatu," alisema, "mke wangu alitandika vitanda. Mkala huku mnatazama saa, mkaondoka, tukavitandua. Tukasema, wamezoea mahoteli. Mwaka wa nne chumba cha mama tukaweka mahindi."

"Mbona hamkusema?"

"Mtu anakaribishwa nyumbani kwao?"

Mama Baraka alicheka hadi akaweka mwiko chini. "Wote vichwa vigumu," alisema. "Basi mahindi mtayatoa wenyewe. Mimi mgongo siuwezi."

Tuliyatoa, magunia sita, nguo za safari zikiwa bado mwilini. Dada alipanda isale pembeni ya mlango wa nyuma, akaimwagilia maji ya mfongo, na usiku ule tulilala wawili kwenye kitanda cha mama, ambacho kina bonde katikati na hakina daraja lolote. Manyunyu yalikuwa yakigonga paa. Nilisikia Dada akipumua kama mtu aliyefika.

Jumatatu tuliondoka na mkungu wa ndizi ambao yeye alikubali kuuita ndizi. Njia nzima hadi Babati alipanga nani atalala wapi.

Sikuambii wiki za hoteli ni mbaya. Anayependa mahali pale pale kila mwaka, na ambaye mwezi wowote unamfaa, zinaweza kumfaa. Na kadi yangu bado ninayo, nitaitumia Tanga mwezi ujao, nile matunda yao. Ila nimejifunza kwamba wiki zinakuuzia zamu, kadi inakulipa kwa mwendo wako, na sisi tulikuwa tukitafuta kitu cha tatu katika vyote viwili.

Kwa hiyo ukiitwa kusikiliza maelezo ya namna hii, nenda, kunywa kahawa yao, na uliza tarehe kamili ya wiki yako. Kisha, kabla hujagusa kalamu, toka nje umpigie simu ndugu yako anayeishi nyumbani kwenu, umuulize kama kitanda kipo.