Kibodi Isiyosikika

Shangazi yangu alipiga chapa katika masjala ya mahakama kwa miaka ishirini na sita, na mlio wa vidole vyake ulifika mpaka kwenye benchi za nje. Mawakili walimwita Cherehani. Alianzia kwenye taipureta za chuma, na hata kompyuta zilipoletwa hakuacha kubonyeza kwa nguvu zake zote. Zile kibodi laini, bapa, alisema zinamdanganya, hajui kama herufi imeingia au la. Akanunua ya mekanika, ambayo kila kitufe kina swichi na springi yake. Kelele yake ilikuwa balaa.

Dawati la pili lilikuwa la mama yangu. Baba, ambaye ni kaka yake shangazi, alipofariki, shangazi ndiye aliyemfundisha mama kupiga chapa, mezani kwetu, kisha akaenda kumwombea kazi kwa mkuu wa masjala. Walikuwa mawifi wa kutaniana asubuhi mpaka jioni.

Siku moja mama akaanza kujishika paji la uso. "Wifi, mwenzio kichwa kinanipasuka. Hiyo mashine yako utaniua nayo."

"Si ungesema mapema! Mimi nilidhani nakupigia muziki."

Jumamosi tukaenda dukani sote watatu. Mimi ndiye mjuzi wa vitu hivyo nyumbani, basi nikajitia ufundi. Muuzaji akapanga kibodi tano juu ya kaunta. Shangazi alizijaribu akiwa amefumba macho, akichapa sentensi aliyoichapa maisha yake yote: "Shahidi aliapa na kueleza kama ifuatavyo." Ya kwanza ililia kama mvua ya mawe juu ya bati. Ya pili na ya tatu vitufe vilikuwa vizito, akazisukuma kando. Mama alisimama hatua tatu nyuma yetu, ametega sikio.

"Bado nakusikia," alisema.

Ya nne swichi zake zilikuwa na vipande vya mpira ndani, vinameza mlio, lakini springi ilirudisha kidole vilevile alivyopenda. Shangazi akachapa mstari mzima.

"Hapo sawa," mama akasema. "Hapo hata sijui kama upo."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuwashinda, maana nilikuwa nimeichagua mimi.

Miezi miwili baadaye shangazi akamwaga unga.

Mkuu wa masjala hukaa nyuma ya ukuta wa plaiwudi, na kutoka hatoki. Kazi ya wachapaji anaijua kwa sikio tu, kwa sababu kurasa zote huingia jalada moja na hazina jina la aliyezichapa. Barua ya kumwachisha shangazi kazi ilisema kwamba kwa muda sasa hajulikani anafanya nini, na kwamba mwenzake wa chumbani, alipoulizwa, alithibitisha kuwa hamsikii akichapa. Mwenzake wa chumbani! Chumba kina madawati mawili. Shangazi alikwenda kueleza habari za swichi na mpira, akaambiwa nafasi imeshafungwa.

Nilimkabili mama jikoni. Alikuwa anakata vitunguu, uso mkavu.

"Niliulizwa kama namsikia. Simsikii. Ulitaka niseme uongo?"

"Ungesema ni kibodi, mama!"

"Sikuulizwa habari za kibodi."

Akaendelea kukata. Sikuwahi kumchukia mama yangu kabla ya siku ile, na sitajifanya kuwa sikumchukia.

Wiki iliyofuata, nikitafuta cheti changu kwenye droo yake, nikakuta barua nyingine ya mkuu. Wachapaji wawili watapunguzwa abaki mmoja, na kila mmoja ataulizwa kuhusu mwenzake. Nikatazama tarehe. Iliandikwa Jumatatu ya wiki ile tuliyokwenda dukani. Kumbe mama alijua. Alisimama pale nyuma akimpimia wifi yake shimo, na mimi nikamshikia kamba.

Nilikwenda na barua ile kwa shangazi. Nilimkuta anaanua nguo.

"Shangazi, soma tarehe. Alikuwa anajua!"

Aliitazama bila kuishika. "Hiyo ninayo. Tuliletewa siku moja, tukaisoma pamoja."

"Ulijua? Na bado ukanunua kibodi isiyosikika?"

"Alisema kichwa kinamuuma."

"Na ulipoulizwa wewe?"

"Nilisema wifi yangu anachapa vizuri kunipita, tena ana mtoto wa kusomesha." Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. "Nilitoka mle ndani nimetulia, mwanangu. Anayeingia baada yangu si mtu baki. Nikakaa kumngoja. Alipotoka, nikamshukuru."